Mume Wangu Nimpeleke Sukamahela?

Nimetoka zamu, nimekula, watoto wamelala. Leo nina stori ndefu, nitaikata vipande vipande kama kawaida yetu. Wa kunyonyesha anyonyeshe huku anasoma.

1.

Kuna mama alikuja kliniki na mtoto wa miezi tisa, chanjo ya surua. Nikaangalia kadi, uzito umeshuka miezi miwili mfululizo. Nikamuuliza ananyonya vizuri? Akasema ananyonya. Usiku je? Hapo akanyamaza. Mwenzenu nikajua kuna jambo.

Baba watoto wake ni fundi ujenzi, miaka 46. Miezi minne nyuma aliamka asubuhi mkono wa kulia hauinuki, mdomo umepinda, maneno hayatoki. Kiharusi. Alilazwa, akaruhusiwa, akarudi nyumbani. Tangu siku ile huyu mama anamgeuza, anamwogesha, anamlisha, anafua mashuka, asubuhi anawahi sokoni kuuza vitunguu, jioni anarudi kuanza upya. Maziwa yamepungua kwa sababu mwenyewe hali wala halali.

Akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akasema kwa sauti ya chini: "Sista, samahani. Hivi kule Sukamahela wanapokea mtu kama baba watoto wangu?" Kabla sijajibu akaongeza: "Usimwambie mtu nimeuliza. Mama mkwe akisikia atasema nataka kumtupa mwanawe."

Nikamjibu haraka, foleni ilikuwa ndefu: "Hapana mama, pale ni pa wazee." Jibu lilikuwa sahihi, ila nililitoa kama mtu anayefunga mlango. Nimekaa nalo wiki nzima. Nikaanza kujiuliza, kwa nini hatuna mahali pengine pa kumtajia? Na kwa nini kuuliza tu kumemtia aibu kiasi kile? Nikarudi kwenye vitabu vyangu vya zamani, nikauliza manesi wastaafu. Nikagundua jibu ni historia, tena historia ya kwetu hapa hapa Singida.

2.

Tuanze na Sukamahela yenyewe, maana wengi tunaitaja kama tusi. "Utaishia Sukamahela wewe!" Tumeshasikia hiyo.

Sukamahela iko wilaya ya Manyoni. Ni makazi ya serikali kwa wazee na watu wasiojiweza, na sehemu kubwa ya historia yake imefungamana na ukoma. Wapo waliofika pale kwa sababu ya ukoma, wakapona, lakini vidole vilikuwa vimeshakwenda na kwao hakukuwa na wa kuwapokea. Wengine ni wazee tu waliobaki peke yao duniani.

Haiko peke yake. Nchi nzima serikali ina makazi ya namna hii: Nunge kule Kigamboni, Bukumbi mkoani Mwanza, Kolandoto Shinyanga, Ipuli Tabora, Njoro Kilimanjaro, Fungafunga Morogoro, Kilima Bukoba, Nyabange Musoma na mengineyo. Ukiyafuatilia moja moja, utashangaa ni mangapi yalianza au yalikua kutokana na kambi za wagonjwa wa ukoma. Ndiyo maana mpaka leo watu hawasemi "makazi", wanasema "kambi". Neno limebaki, na woga wake umebaki.

Kwa hiyo yule mama alipotaja Sukamahela, mama mkwe wake hasikii "mahali pa matunzo". Anasikia mahali ambapo mtu alipelekwa ili asionekane. Tutarudi hapo.

3.

Zamani kabla ya kambi, mtu akiumwa muda mrefu alikuwa wa nani? Kwa Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo na wengine wa huku kwetu, mgonjwa alikuwa wa kaya, na kaya haikuwa baba, mama na watoto wawili. Palikuwa na bibi, mashangazi, wake wenza, wakwe, watoto wa ndugu. Mzigo uligawanyika. Mmoja anakwenda kuteka maji, mwingine anakaa na mgonjwa, mwingine anasaga.

Sasa tusipambe. Haikuwa pepo. Kulikuwa na njaa, na ukame wa huku tunaujua. Kulikuwa na magonjwa yaliyoogopwa kiasi kwamba mgonjwa alijengewa kibanda pembeni akapelekewa chakula kwa mbali. Wajane wasio na watoto waliteseka. Na nani alikuwa anaogesha na kulisha? Wanawake. Hilo halijaanza leo.

Ila kuna kitu kimoja kilikuwepo: hakuna mwanamke aliyetegemewa kumuuguza mume peke yake, usiku na mchana, huku ana mtoto mgongoni na biashara sokoni. Tunaposema "mila zetu mke anamuuguza mumewe", tumekumbuka nusu ya mila. Nusu nyingine, ile ya mikono kumi, tumeiacha njiani.

4.

Wakaja wamisionari, wakaja wakoloni, na hospitali zikaja.

Kwetu Singida hospitali nyingi za zamani ni za makanisa. Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walifika upande wa Iramba miaka ya 1920, na kazi yao ikazaa hospitali ya Kiomboi, na Iambi ambako palikuwa na makazi ya wagonjwa wa ukoma. Waanglikana walikuwa Kilimatinde, na kwa jirani zetu Dodoma walikuwa na kituo cha ukoma Hombolo. Masista wa Medical Missionaries of Mary walifika Makiungu mwaka 1954. Bibi zenu wengi walijifungulia kwenye majengo hayo.

Jinsi hospitali hizo zilivyofanya kazi ndiyo jinsi zinavyofanya mpaka leo: daktari anatibu, nesi anatoa dawa na kufunga vidonda, lakini ndugu ndiye anapika, analisha, anaogesha. Mgonjwa analala kitandani, mwangalizi analala chini kwenye mkeka. Toka mwanzo hospitali yetu ilijengwa juu ya mgongo wa ndugu. Ikishamaliza kutibu, inamkabidhi mgonjwa kwa yule yule ndugu. Hapakuwa na nyumba ya katikati, kati ya wodi na nyumbani.

Isipokuwa kwa ugonjwa mmoja. Ukoma.

Mwaka 1873 daktari wa Norway, Armauer Hansen, aligundua kimelea cha ukoma. Watu wakajua ni ugonjwa wa kuambukiza, lakini dawa ya kuutibu hawakuwa nayo. Kwa miaka mingi sindano za mafuta ya chaulmoogra ndizo zilitumika, zinauma na faida yake ndogo. Dawa yenye nguvu, dapsoni, ikaanza kutumika miaka ya 1940. Katikati hapo, njia waliyoiona ni kuwatenga wagonjwa. Ndipo zikajengwa kambi. Nyingi zilikuwa kama vijiji: vibanda, mashamba, kanisa, shule, zahanati.

Sasa mama, jiweke pale. Mume ana mabaka, ganzi, vidole vinaanza kujikunja. Anaambiwa aende kambini, na hakuna anayejua lini atarudi. Mke afanyeje? Wapo waliofunga mzigo wakamfuata mume kuishi naye katikati ya wagonjwa. Wapo waliobaki, na ndugu wa mume wakawaozesha kwingine. Wake nao waliougua, wengi waliachwa. Na ndani ya kambi watu walioachwa na wenza wao wakaoana wenyewe kwa wenyewe, wakazaa, wakalea. Ndiyo sababu kwenye makazi ya namna hii utakuta mpaka watoto na wajukuu waliozaliwa humo humo.

Kwa maneno mengine, mahali petu pa kwanza pa kumpeleka mwenza mgonjwa palikuwa mahali pa kuachana naye. Sikulaumu tena yule mama kuangalia mlangoni kabla ya kuuliza.

5.

Kuna kundi la pili lililoingia makazi, nalo ni wafanyakazi.

Enzi za mkoloni wanaume wa mikoa ya kati waliondoka kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Manamba. Mtu anaondoka kijana, anasema narudi baada ya mkataba. Wengine walirudi. Wengine mkataba ulizaa mkataba, miaka ikaenda, nguvu zikaisha, na nyumbani wamemsahau. Shamba la mkonge halina kazi ya mzee. Anakwenda wapi?

Serikali ya mkoloni ilikuwa na jibu lake, sheria ya mwaka 1923 juu ya watu wasio na kazi wala njia ya kujikimu. Mtu akikutwa mjini hana kitu, hakimu angeweza kuamuru ashikiliwe au arudishwe kwao. Fikra ya wakati ule ilikuwa kwamba Mwafrika ana "kwao", na huko kwao atatunzwa bure. Mshahara wa manamba ulipangwa kwa fikra hiyo hiyo: mnampa hela ya mtu mmoja, maana uzee wake na ugonjwa wake vitabebwa na mke aliyeko kijijini. Yaani gharama ya kumtunza mfanyakazi ilihamishiwa kwa mwanamke wa Singida ambaye hakuwahi hata kuliona shamba lenyewe.

Mimi nilipofika hapo niliweka kalamu chini. Nilidhani tunamuuguza mume nyumbani kwa sababu ya mapenzi na mila tu. Kumbe kuna mtu alishapiga hesabu, na jina letu lilikuwemo.

6.

Uhuru ukaja 1961. Mkoa wetu wa Singida ukazaliwa 1963. Azimio la Arusha 1967 likasema wazi kwamba kila mwenye nguvu afanye kazi, na wasioweza, yaani watoto, wazee na vilema, watunzwe. Makazi yakawa chini ya idara ya ustawi wa jamii. Kulikuwa na nia njema, lakini nafasi zilikuwa chache na zilikusudiwa kwa mtu asiye na mtu. Ukiwa na mke, kwa macho ya serikali una mtu. Ukiwa na mtoto, una mtu. Hakuna aliyemuuliza huyo "mtu" kama anaweza.

Halafu kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mwaka 1977 ilitungwa sheria iliyozuia hospitali binafsi za biashara. Hospitali zikabaki za serikali, za mashirika ya dini na za kujitolea. Mpaka 1991 ndipo watu binafsi wakaruhusiwa tena kufungua. Kwa hiyo ile miaka ambayo kwa wenzetu nyumba za kulipia za kutunza wagonjwa zilikuwa zinaota kila mtaa, hapa hata zahanati ya kulipia isingefunguliwa. Na uchumi wa miaka ya 1980 mnaujua kwa kusimuliwa: sabuni ya foleni. Nani angewaza nyumba ya kulelea wagonjwa?

Mwaka 1993 ikaanza sera ya kuchangia gharama hospitalini. Siku za kukaa wodini zikawa na bei. Mgonjwa asiyepona haraka akarudishwa haraka zaidi nyumbani, kwa mke.

Tukafika 2003, Sera ya Taifa ya Wazee. Inamtaja mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Inasema familia ndiyo msingi wa matunzo, na makazi ni hatua ya mwisho kabisa. Mimi na sera hiyo hatugombani. Mzee anakaa vizuri zaidi penye sauti za wajukuu. Ila soma tena: familia ndiyo msingi. Msingi unahitaji zege, jamani. Ukiuita msingi halafu usiupe kitu, utapasuka.

Na baba watoto wa yule mama ana miaka 46. Kwa umri si mzee, na kwa kuwa ana mke si mtu asiye na mtu. Aliponiuliza, alikuwa anauliza kuhusu mlango ambao haukuchongwa kwa ajili yake.

7.

Lakini historia haikutuacha mikono mitupu. Kuna somo tulilolipata kwa machozi.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Kagera. Miaka ya 1990 wodi zilijaa mpaka watu wakalala chini. Hospitali zikaona haziwezi. Hapo ndipo ikakua huduma ya wagonjwa nyumbani: nesi au mtu wa kujitolea anamfuata mgonjwa kwake na begi lake, anamfundisha mke au mume au binti namna ya kuosha vidonda, kulisha, kugeuza, kutoa dawa. Mashirika ya dini yalifanya kazi kubwa sana hapo. Mimi nilianza unesi nikiwafuata dada wakubwa kwenye njia zile, kwa miguu, jua la Singida mnalijua.

Tuliona nini? Kwanza, mtu wa kawaida akifundishwa, anauguza vizuri kuliko tulivyodhani. Pili, mwenza anayeuguza bila kupokelewa zamu anaanguka. Tuliwazika wengi waliokuwa wanauguza. Wengine kwa virusi vile vile, lakini wengine kwa kuchoka, kwa kutokula, kwa kusahau dawa zao wenyewe. Tangu wakati ule nikiingia nyumba yenye mgonjwa naangalia watu wawili: aliyelala kitandani, na aliyesimama pembeni.

Huko kwenye ukoma pia mambo yalibadilika. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza 1977. Miaka ya 1980 ikaja tiba ya mseto, vidonge ambavyo siku hizi ni vya miezi 6 au 12, bure, mtu anakunywa akiwa nyumbani kwake. Mwenye ukoma aliyeanza dawa haambukizi tena. Hakuna sababu ya kumtenga mtu. Mwaka 2006 Tanzania ikafikia kiwango cha kimataifa cha kuutokomeza, chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Ugonjwa haujaisha kabisa, ukiona baka lisilo na hisia nenda zahanati. Lakini kambi ilipoteza sababu yake ya kitabibu. Waliobaki wamebaki kwa sababu ya umri, ulemavu, na kwa sababu nyumbani palishafungwa.

8.

Sasa sheria, maana mama mkwe alitumia neno "kumtupa".

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mume ana wajibu wa kumtunza mke. Hiyo mnaijua wote. Wachache wanajua kwamba kifungu hicho hicho, cha 63, kinaendelea: mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza mume pale mume anaposhindwa kujipatia riziki kwa maradhi ya mwili au ya akili. Wajibu ni wa pande mbili.

Lakini soma polepole. Inasema mke mwenye uwezo. Na inazungumzia matunzo, yaani chakula, mavazi, pa kulala. Haisemi lazima mikono yako peke yako imgeuze saa nane za usiku. Kuomba msaada si kuvunja ndoa. Kumpeleka mtu mahali anapotunzwa vizuri, ukaenda kumwona, ukapeleka sabuni na matunda, huko ni kumtunza pia. Kumtupa ni kumfungia chumba cha uani na kikombe cha maji. Hilo hufanyika nyumbani, na hakuna anayeliita kumtupa.

Tazama kwa wenzetu. Zanzibar, kule Welezo, masista wa Kikatoliki wametunza wasiojiweza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ikajenga nyumba za wazee Sebleni. Mwaka 2016 Zanzibar ikaanza pensheni kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, awe aliajiriwa au alikuwa mkulima, ikianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni kidogo, lakini mkononi mwa mke anayeuguza ni sabuni na unga. Ujerumani tangu 1995 wana bima maalumu ya matunzo: kila mfanyakazi anakatwa, na ukiuguza mtu nyumbani unaweza kulipwa kupitia bima hiyo. Uingereza nyumba za kulelea zipo kila mji, ghali, na ndugu zetu wengi waliohamia kule ndio wanaowageuza wazee wa watu usiku kwa mshahara. Yaani kule ile ni kazi, ina jina na ina malipo. Kazi ni ile ile anayoifanya yule mama wa vitunguu bure, halafu anaambiwa hajafanya kitu leo.

Sisemi tuwe kama wao. Wapo wazee Ulaya wanaokaa mwezi bila kuona mtoto wao. Nasema tu kwamba kila nchi ililazimika kuamua nani abebe. Sisi tuliamua bila kuamua.

9.

Basi, nilimtafuta yule mama. Nilimkuta sokoni nyuma ya mafungu yake ya vitunguu. Nikamwambia, "Mama, nilikujibu vibaya. Turudie lile swali."

Jioni nilikwenda kwake. Mgonjwa ni msafi, shuka limenyooka, ila kiunoni ngozi imeanza kuwa nyekundu. Nikamwonyesha haya, nanyi yashikeni, hujui kesho:

Mgeuze kila baada ya masaa mawili, mchana hata akiwa amekaa umsogeze. Tumia mto au kanga iliyokunjwa katikati ya magoti. Akila, akae wima, si kulala. Uji mzito ni salama kuliko maji matupu kwa mtu anayepaliwa, na asilazwe mara baada ya kula. Mkono uliolala usiuvute unapomwinua, bega litatoka. Mnyooshe viungo asubuhi na jioni, taratibu. Dawa ya presha haikatwi kwa sababu "amepata nafuu". Na muongeleshe. Mtu aliyepoteza maneno hajapoteza akili, anasikia kila kitu mnachosema juu yake.

Kisha tukaita kikao. Mama mkwe alikuwepo, shemeji zake wawili, jirani mmoja, na mhudumu wa afya wa kijiji. Shikamoo zikaisha, nikawaeleza kadi ya mtoto, uzito unavyoshuka. Sikumlaumu mtu. Nikasema huyu mtoto anakonda kwa sababu mama yake hana usiku.

Kimya. Yule bibi aliangalia kadi muda mrefu, nadhani hajui kusoma, lakini ule mstari unaoshuka hauhitaji shule. Akasema, "Mimi nilidhani anaweza. Mbona hakusema?" Mkwewe akajibu, "Ningesema wapi, mama? Ningesema mngeniona nimemchoka."

Hakuna aliyelia kwa sauti. Ila zamu zilipangwa usiku ule ule. Bibi usiku wa Jumatatu na Alhamisi. Shemeji mkubwa Jumamosi na Jumapili, tena mwanaume, akaogesha kaka yake mwenyewe, na mbingu hazikuanguka. Mhudumu wa kijiji kila wiki. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri akaandikiwa barua kupitia serikali ya kijiji, familia ikaulizia TASAF.

Imepita miezi mitano. Baba anakaa mwenyewe, anatembea na mkongojo mpaka mlangoni. Mkono wa kulia bado, na sidhani utarudi kujenga ukuta. Maneno yamerudi machache. Mtoto uzito umepanda, kadi ninayo picha yake ila siweki hapa, ni siri yao. Mama bado amechoka. Ila sasa analala siku nne kwa wiki.

10.

Kwa hiyo ukiniuliza leo, "Sista, nimpeleke Sukamahela?" nitakujibu hivi.

Sukamahela ni kwa mzee au asiyejiweza ambaye kweli hana mtu. Njia yake ni serikali ya kijiji au mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii. Kama unamjua mzee wa namna hiyo, hata si ndugu yako, mpeleke jina lake kule. Asifie ndani. Na wale walioko pale tusiwafanye tusi la kutishia watoto. Ni watu waliotengwa kwa kosa la kuugua. Siku ukipita njia ya Manyoni, peleka sabuni, kaa nao nusu saa.

Kama mwenza wako ana miaka 60 au zaidi na hamna uwezo, fuatilia kitambulisho cha matibabu bure cha wazee, na ukifika hospitali uliza dirisha la wazee.

Kama hajafika huko, ana wewe tu, basi usiwe wewe tu. Ita kikao kabla hujaanguka. Usisubiri nesi aone kadi ya mtoto.

Na nyie kina baba mnaosoma kimya kimya: pimeni presha. Dakika mbili. Fundi wetu hakuwahi kupima hata mara moja.

Na nyie mama wakwe, najua mpo, mnasomewa na wajukuu: siku mkweo akiuliza swali kama lile, msikilize kwanza. Huenda hataki kumtupa mwanao. Huenda anatafuta usiku mmoja tu wa kulala.

Sehemu ijayo tutaongelea vidonda vya kulalia, kuanzia mwanzo mpaka kupona, kwa vitu vilivyopo nyumbani. Mtumie mtu anayeuguza. Usiku mwema.